Bomba Haliombi Ruhusa

Mimi ni fundi bomba. Njombe yote,
kutoka Mji Mwema hadi mteremko wa Kibena,
hakuna uchochoro nisioujua kwa chini.
Wengine wanajua barabara;
mimi najua kinachopita tumboni mwake.

Marehemu Mgaya, aliyenipa spana ya kwanza,
alinifundisha hivi:
gonga bomba la chuma upande huu wa kiwanja,
aliye kule atasikia kabla hujainua nyundo.
Gonga mpira laini wa bustani,
mlio unazubaa njiani, unalala humo humo.
"Kilaini hupokea," alisema. "Kigumu hupitisha tu."

Nilidhani tunazungumzia maji.

Mwezi wa sita, asubuhi ya barafu,
majani ya viazi yameungua kwa baridi
kama yaliyomwagiwa uji wa moto,
Sista Nyagawa alinifunga mkono, akapuliza
hadi vidole vikafa ganzi.
Akasoma. Akahamia mkono wa pili
kama mtu anayehesabu upya chenji asiyoiamini.
Kisha utepe kiunoni: mia na kumi na mbili.
Kidole kikatobolewa: sukari juu.
Mafuta ya damu nayo yamo msafarani.
"Haya hayatembei peke yake," akasema,
"ni kama wezi wa nyaya: mmoja anashika ngazi,
mmoja anakata, mmoja anaangalia njia."

Mbona siumwi, nikamwuliza.
Akaviangalia viganja vyangu, kutu kwenye kucha.
"Fundi, bomba huomba ruhusa kabla ya kupasuka?"

Akanieleza kwa lugha yangu, Mungu ambariki.
Moyo unaposukuma, mshipa mkubwa
hutakiwa kujitanua kidogo, ulilaze lile wimbi.
Wangu umekakamaa.
Wimbi linakimbia, linapiga ukuta wa mwisho,
linarudi mbio, na kumkuta mwenye nyumba
bado anahangaika kuufunga mlango.

Nikamkumbuka Mgaya na nyundo yake.
Nikakumbuka pia namna alivyoondoka:
ameshika koki mkononi, Jumanne, saa nne,
hata maji hakuwahi kuyafunga.
Tuliyakuta yamefika kizingitini.

Na kitambi hiki, jamani,
kilisifiwa! Kwenye harusi ya binti wa Mligo
wazee walikipapasa kama gunia la mbegu.
"Fundi umenawiri, mji unakulipa."
Nikaongezewa kitimoto na lita ya ulanzi,
nikakaa kwa upana wangu wote.
Nyumbani mke wangu Twilumba,
na cherehani yake ya kukanyaga,
aliifumua suruali ile ile mara tatu.
Hakusema neno. Alizing'ata pini midomoni.
Utepe wake ulijua kabla ya utepe wa Sista.

Sasa chai yangu ina kijiko kimoja,
inaonja kama maji ya kusuuzia kikombe.
Bodaboda wa kona ameninunia:
sanduku la spana nalibeba mwenyewe hadi Kibena
na kijana wangu Lutengano ananisubiri juu, anacheka.
Vidonge ni viwili, asubuhi na jioni.
Ulanzi sijauapia. Masika bado mbali,
na mimi si mtu wa kuapa mbele ya mianzi.

Chuma kikichoka, nakata, nachonga uzi mpya,
kesho watu wanachota.
Hili la kwangu halina duka.
Sista anasema linaweza kulainika kidogo.
Kidogo kiasi gani, hajui, na hakunidanganya.

Usiku, pampu ya mji ikiwashwa,
mabomba ya ukutani hugonga: ko, ko, ko.
Nalala ubavu, nasikiliza upi ni ukuta
na upi ni mimi.
Twilumba yuko macho. Naijua pumzi yake.

Jana ameitandaza ile suruali mezani.
Kwenye kitambaa kumebaki njia tatu za mshono,
vitundu vidogo vya sindano, kimoja nyuma ya kingine.
Akaupitisha ukucha kwenye ule wa nje,
akauacha.
Akaweka ukucha kwenye wa pili,
akaniangalia.